Ngazi Sita Kushoto, Saba Kulia

Navalgund, 17 Januari 1972

Kwa wifi yangu mkubwa Champakka,

Kesho Mallappa muuza pilipili anakuja Dharwad kwenye gulio la Jumanne, nami nimemkabidhi vitu viwili. Cha kwanza ni kifuko cha ufuta na sukari guru ya sikukuu ya Sankranti. Kula, useme maneno matamu mwaka mzima kama desturi inavyotaka. Nimekuwekea mwingi kwa sababu naujua ulimi wako.

Cha pili ni sari nyeusi ya Mahadevi, ile atakayofungiwa siku ya harusi. Nilitaka kuishona peke yangu na wewe unajua hivyo. Sari nyeusi ya bibi harusi hutiwa sindano na mama yake. Yangu alinishonea mama yangu, naye yake alishonewa na wake. Uliposema kwamba haki hiyo ni ya shangazi aliyemlea, sikula siku mbili. Ndipo kaka yako Rudrappa akatoa hukumu huku akitafuna mkate wa mtama: kwa kuwa mshono wenyewe ni wa kwenda na kurudi, Sangavva aende, Champakka arudi. Mimi nipite njia ya kwanza nikiacha mapengo, nawe ushike mkia uleule wa uzi, uyajaze mapengo mpaka ufike nilipoanzia. Alijiona amesema jambo la hekima, akaomba mkate wa pili.

Basi katika ncha ya kutupia begani nimeshona njia ya kwenda ya minara miwili ya hekalu. Imebaki kumi. Mikia ya uzi inaning'inia, itie sindano tu. Jaza mapengo na usiguse kingine.

Usimsahau yule wa Gadag atakayekuwa mama mkwe wa Mahadevi. Wanasema kila nguo anayoletewa huigeuza nyuma kwanza kabla hajatazama mbele. Akikuta fundo hata moja ataulizia ukoo mzima.

Mahadevi hajambo. Tangu arudi kwetu analala karibu nami.

Ni mimi,
Sangavva, mama yake Mahadevi


Dharwad, 24 Januari 1972

Wifi Sangavva,

Ufuta nimeula, na haya ndiyo maneno matamu niliyobakiwa nayo.

Kwanza, siku hizi unaniandikia kwa herufi kubwa kama za bango la sinema. Maneno kumi yanajaza ukurasa, na mistari inateremka kama mbuzi waendao kunywa maji. Ukitaka kunifokea, panda basi uje unifokee. Na yale maneno "mama yake Mahadevi" umeyaandika makubwa kuliko yote. Ulidhani nimesahau aliyemzaa?

Pili, minara. Nilikaa barazani, nikatandika kitambaa cheupe mapajani chini ya hariri ili nyuzi zionekane, nikahesabu. Ngazi sita kushoto, saba kulia. Wifi, hii ni miaka thelathini. Ulipoolewa ulikuja na blauzi yenye mnara unaoegemea, nikasema mbele ya mama yangu kwamba mnara wako umelewa, watu wakacheka. Nilidhani kicheko kile kitakuwa dawa. Kumbe ugonjwa umeota mizizi.

Nimeifumua yote miwili. Nimeishona upya kwenda na kurudi, ngazi saba kwa saba. Igeuze nyuma uone kama utajua ni nyuma. Mallappa anarudi nayo kesho.

Usinune. Mtaa mzima huku unajua Mahadevi amekulia mikononi mwa nani, na wakiona mnara umelala watasema Champakka amezeeka. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Alipougua surua akiwa na miaka tisa, ni mimi niliyelala sakafuni kando yake siku kumi na moja. Sindano ya kwanza kushika alishika kwangu. Miaka kumi na miwili nilimsuka nywele kila asubuhi, na alipochumbiwa mkaja kumchukua na sanduku lake mkasema asante.

Kitanda chake nimekijaza magunia ya karanga, maana sipendi kupita mbele ya chumba kitupu. Wanangu wawili wa kiume hawajui hata tundu la sindano liko upande gani. Ulipoandika kwamba analala karibu nawe, niliusoma mstari huo mara mbili, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Wako,
Champakka, mlezi wake Mahadevi


Navalgund, 31 Januari 1972

Champakka,

Umefumua. Nimepitisha kidole juu ya minara yako na ni kweli imesimama. Ni minara mizuri. Si yangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wa pili wa Mahadevi kwako, nilikuja na bati la samli bila kutoa taarifa. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa unamsuka, naye akasema, "Mama, unaniumiza." Alikuwa anakwambia wewe. Ukainua macho ukaniona mimi mlangoni na bati langu. Ungeweza kusema, "Mimi shangazi yako, mama yako yule pale." Hukusema. Uliendelea kusuka mpaka ukafika mwisho wa nywele, ukafunga utepe, ndipo ukaniambia karibu. Nikanywa chai yenu nikarudi na basi la saa tisa. Njia nzima nilikuwa naibomoa nyumba yenu jiwe moja moja.

Nina wivu, wifi. Naandika wazi ili usihangaike kuutafuta kwenye mistari. Watu husema hasidi hana sababu, lakini mimi ninayo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimtoa akiwa na miaka sita kwa sababu baba yake alitaka asome, na hapa hapakuwa na shule ya maana. Nilimpa nguo nne na mto wake. Nimerudishiwa mwanamke mzima anayekunja mashuka kama wewe na kukohoa kama wewe. Kitu nilichobakiwa nacho cha kumfanyia kwa mkono wangu ni hiyo sari.

Kwa hiyo sikia. Minara kumi iliyobaki nitaishona yote njia ya kwenda, kisha nitakuletea kwa pamoja. Itaegemea kama inavyoegemea siku zote. Ukifumua hata uzi mmoja, siku ya harusi utakaa na wageni, na kumfunga sari hutamfunga. Kwetu bibi harusi mwenyewe haruhusiwi kuitia sindano sari yake nyeusi, asije akajishonea majonzi. Sikujua kwamba nitapaswa kuilinda na shangazi pia.

Herufi zangu ni kubwa kwa sababu karatasi ni yangu.

Sangavva


Dharwad, 2 Machi 1972

Wifi yangu Sangavva,

Bunda lilifika juzi. Nilinawa mikono, nikafunga nywele, nikajiandaa kwa ugomvi. Nikalifungua, na ugomvi wote ukaniishia mdomoni.

Minara kumi, yote wima. Ngazi saba kushoto, saba kulia. Mapengo yamelingana mpaka nikadhani umepimia rula. Njia umeipanga vizuri, hakuna mahali ambapo uzi unakwama katikati ya mnara ukakosa pa kurudia, na wewe hilo lilikuwa likikutokea kila mara. Leo naandika bila kejeli: ukiniondoa mimi, sijaona mkono mzuri kama huu Dharwad nzima. Nimejaza mapengo ya minara mitatu, na kila nikimaliza mmoja naigeuza sari nyuma na mbele, nyuma na mbele, kama mwehu.

Halafu nikanuna. Kama ulikuwa unaweza kushona hivi, ile miaka thelathini ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unanifugia kicheko? Sasa nitamcheka nani?

Habari za "mama, unaniumiza" nimezisoma. Ni kweli nilikuona mlangoni. Nilikuwa na wana wawili walioniita mama kila siku wakidai chakula, lakini siku ile neno hilo liliingia mahali pengine, nikataka likae kidogo kabla sijalirudisha kwa mwenyewe. Kisha sikulirudisha.

Msalimie Mahadevi.

Champakka


Navalgund, 6 Machi 1972

Champakka,

Imesimama wima? Unanichezea shere.

Mimi nimekuletea minara inayoegemea. Naujua mkono wangu, na kidole changu kinaijua kila ngazi niliyopanda. Wewe umeifumua yote kumi, ukaishona upya, kisha umekaa chini ukaniandikia sifa zako mwenyewe ukazivika jina langu. Hata ufidhuli una kiasi. Mahadevi alikuwa ananisomea barua yako, akafika kwenye minara akanyamaza katikati ya sentensi. Hata mtoto aliona haya kwa ajili yako.

Nilikwambia yatakayotokea, nawe ukachagua. Siku ya harusi utakaa na wageni. Rudrappa ameanza kunibembeleza, nimemwambia aendelee na mkate wake.

Sari nataka irudi kama ilivyotoka mkononi mwangu. Nakupa mpaka Jumanne ya kwanza ya Aprili. Ukiona kazi ni kubwa, kumbuka kwamba kufumua hukuona kazi.

Lile ulilosema kuhusu neno kuingia mahali pengine, nimesomewa. Halikupunguzii kitu.

Sangavva


Dharwad, 14 Machi 1972

Mwanangu Mahadevi,

Nimemwambia Mallappa akupe barua hii mkononi, ukiwa peke yako. Usiisome kwa sauti.

Mama yako anasema nimefumua minara kumi. Sikufumua. Nilipopata barua yake niliwaka, nikataka kumjibu papo hapo, lakini kwanza nikaipeleka sari dirishani nipate ushahidi wa kumrushia. Nikatazama pale uzi unapoanzia.

Unajua kwamba katika mshono wetu fundo ni mwiko, kwa hiyo kila mwanamke ana njia yake ya kuficha mwanzo. Mama yako hurudia pigo moja juu ya jingine. Mimi hupitisha sindano mara mbili chini ya uzi uleule wa kitambaa, upande wa kushoto. Nilibuni mwenyewe nikiwa msichana, na nimemfundisha mtu mmoja tu. Minara yote kumi imeanzia hivyo.

Unajua ulichofanya? Bibi harusi kutia mkono kwenye sari yake nyeusi! Gadag wakisikia, watairudisha sari na wewe ndani yake. Na mama yako anadhani ni mimi.

Lakini si hilo lililoniuma zaidi, na kwa kuwa nimekulea sitakudanganya. Miaka kumi na miwili nilikuomba unimalizie kitambaa kimoja cha mkono. Hukumaliza hata kimoja. Ulishona maua mawili ukakimbilia uani. Kwa ajili yake umeshona minara kumi bila kupotea uzi. Niliona wivu, nikaenda kukaa juu ya magunia ya karanga. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekishika mkononi nakisifia.

Niambie kwa nini. Na niambie pia kwa nini unamsomea barua mwanamke aliyekuwa akisoma kalenda ya ukutani akiwa jikoni.

Shangazi yako,
Champakka


Navalgund, 20 Machi 1972

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kwenye zizi, maana ndani mama yupo.

Mama haoni. Haoni kabisa siwezi kusema, lakini sura yangu huitambua kwa sauti. Mwezi wa Novemba madaktari wa macho walipiga kambi hapa Navalgund, wakamwambia ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anapaswa kupasuliwa. Akasema baada ya harusi. Alisema hataki kukaa kwenye harusi ya binti yake amefungwa bandeji kama ng'ombe wa kinu. Akaniapisha nisimwambie baba, na zaidi nisikwambie wewe. Alisema, "Champakka akijua, sari ataichukua yote, na watu watampa haki."

Anaandika herufi kubwa kwa sababu ndogo hazioni. Anashona kwa kugusa, anahesabu nyuzi kwa ukucha. Ile miwili ya kwanza aliiweza kwa taabu. Hii kumi aliianza, shangazi, na laiti ungeiona. Haikuwa kuegemea tena. Mmoja uliingia tumboni mwa mwenzake, mwingine ulipanda ngazi nne ukapotea. Nikamfikiria mama mkwe akiigeuza ile nguo mbele ya watu, na mama amekaa pale ametabasamu bila kujua wanachokitazama.

Basi kila mchana akilala nilikaa miguuni pake nikafumua alichoshona asubuhi, nikashona upya. Kesho yake nilimkunjulia sehemu tupu tu, asije akakigusa cha jana. Nilijaribu kuiegemeza kama yake. Sita kushoto, saba kulia. Mkono ukakataa. Wewe ulinifundisha saba kwa saba kwa rula juu ya vidole, na mkono nilionao ni huo wako, sina mwingine.

Barua zako humsomea mimi. Zile kali nazipunguza makali, kwa hiyo jua kwamba hasira zote alizo nazo ni kwa yale maneno mapole. Ile ya sifa niliifungua nikaanza kusoma bila kuipitia kwanza, nilipofika kwenye minara nikawa nimeshachelewa.

Vitambaa vya mkono sikumaliza kwa sababu nilipokuwa sijamaliza ulikaa nami. Ningemaliza, ungeinuka kwenda jikoni.

Nakuomba usimwambie. Akijua kwamba kazi yake ilifumuliwa na mimi, hatashika sindano tena maisha yake. Mimi nitakubali lolote utakaloamua kuhusu sari, hata ukisema itupwe. Ila yeye asijue.

Mahadevi


Dharwad, 3 Aprili 1972

Wifi yangu Sangavva,

Nakiri kosa. Ile minara kumi niliifumua mimi.

Nimeirudisha yote kama ulivyoishona. Na ile miwili ya kwanza pia. Mapengo nimejaza.

Mallappa anakuletea kesho.

Nitakaa na wageni kama ulivyosema. Ni haki yako.

Karatasi imekwisha.

Champakka


Navalgund, 10 Aprili 1972

Kwa wifi yangu mkubwa Champakka,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Mahadevi alikuwa amekwenda kisimani, nikaona siwezi kusubiri, nikaifungua ili nijaribu, na herufi zikawa kubwa kama mikate. Umejaza kurasa tatu kwa maneno machache kiasi kile. Sijasoma barua kwa macho yangu tangu Diwali. Nilipofika mwisho nikaelewa kwamba unajua habari za macho yangu. Sikuulizi nani kakwambia.

Kisha nikaitandaza sari mapajani, nikapitisha kidole. Sita kushoto, saba kulia. Mnara wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na mbili. Mizuri, imenyooka mistari, na yote imelewa kama nilivyokuwa naishona nikiwa na miaka thelathini. Hakuna mtu mwingine duniani anayekijua kilema cha mnara wangu kiasi hicho. Umekicheka tangu siku niliyoingia ukoo wenu.

Lakini umekosea jambo moja, wifi. Umekiri kosa. Tangu nikufahamu hujawahi kukiri hata chumvi ilipozidi kwenye mchuzi. Hapo ndipo nilipojua unadanganya. Nikakaa nikafikiri. Mimi mwenyewe mwezi wa Februari nilihisi kwa kidole minara miwili imegongana, nikaikunja sari haraka nikaomba usiione. Kitu nilichokuletea hakikuwa cha kurudishwa kama kilivyokuwa. Nawe uliipokea minara wima, kwa hiyo kabla yako kuna mtu aliyekwisha kukishika. Nikakumbuka nani alikuwa anakaa miguuni pangu kila mchana akisema anashona foronya, na foronya sijaziona mpaka leo. Nikakumbuka nani alinyamaza katikati ya barua.

Hajui kwamba najua. Mwache hivyohivyo. Mapigo yake hayamo tena, umeyaondoa yote, na majonzi aliyokuwa amejishonea umetoka nayo wewe.

Nisikufiche, iliniuma. Binti yangu amefumua kazi yangu kwa mkono uliomfundisha wewe. Niliona wivu mpya juu ya ule wa zamani, nikakosa hata mahali pa kuuweka. Baadaye nikafikiri kwamba nawe ulipojua amejihatarisha hivyo kwa ajili yangu, hukulala. Najua ulivyo. Hilo lilinipunguzia kidogo, Mungu anisamehe.

Na najua ulivyoumia kushona ngazi sita pale mkono wako ulipotaka saba, mara kumi na mbili, ukijua mtaa wako mzima utaiona na mama mkwe wa Gadag ataigeuza. Mimi nisingeweza. Nakwambia kweli, ingekuwa ni mimi, ningeacha minara yangu iaibike.

Siku ile ya kusuka nywele bado ipo. Usidhani imekwenda. Harusini nikisikia anakuita mama, nitakuchukia tena palepale mbele ya watu, kisha nitakupa mkate mtamu wa holige ulio moto kuliko yote. Lakini kwa wageni hukai. Nimemwambia Rudrappa, na amesema alijua tangu mwanzo kwamba hukumu yake ilikuwa ya hekima.

Kwenye ncha ya sari, karibu na bega, pamebaki nafasi ya mnara mmoja. Nimeipima kwa shubiri. Huo wa kumi na tatu ni wako, kwenda na kurudi, peke yako. Usiuegemeze kwa huruma. Mama mkwe akiuliza kwa nini minara kumi na miwili imelala na mmoja umesimama, Mahadevi atamweleza mwenyewe alizaliwa na nani na alilelewa na nani.

Njoo Jumatatu, na kitambaa chako cheupe cha mapajani. Mimi nitakaa kando yako nikushikie uzi. Ngazi saba kila upande, wifi. Nitahesabu kwa kidole.

Sangavva